Kijana rubani, kabla ya kukimbilia kiti cha kapteni uliza utalala wapi

Kuna habari moja kutoka Marekani ambayo ukimsimulia mzee aliyeuza shamba ili kumsomesha mwanawe urubani, atadhani unamtania. Mwaka wa 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti, likinukuu takwimu za chama cha marubani, kwamba takriban nusu ya nafasi za kapteni zilizotangazwa na United Airlines katika kipindi cha mwaka mmoja zilikosa wa kuzichukua. Marubani walikuwepo, tena wamehitimu, na mshahara wa kapteni waliujua vizuri. Wakakataa. Kule American Airlines nako, maelfu waliokuwa na haki ya kupanda cheo walichagua kubaki walipo.

Sasa wewe uliye katika chuo cha urubani pale Wilson, au uliye kidato cha nne na ndoto yako ni kuvaa mistari minne begani, jiulize: kwani hawa watu wana wazimu? Ukapteni unakujia hadi mlangoni nawe unasema asante, sitaki?

Hawana wazimu. Wamepiga hesabu. Nataka tuipige hesabu hiyo pamoja leo, kwa sababu vijana wetu hufunzwa kurusha ndege lakini hakuna anayewafunza kuichagua kazi yenyewe. Wengi huingia wakidhani njia ni moja tu: ndege kubwa, kiti cha kushoto, mshahara mnono, basi.

Tuanze na jinsi mambo yanavyokwenda. Katika mashirika makubwa ya Marekani, bosi hamwiti rubani ofisini na kumwambia kuwa kuanzia kesho yeye ni kapteni wa ndege fulani. Shirika hutangaza nafasi, kisha kila rubani hujaza maombi yake kwa mfuatano: kwanza nataka hii, ikikosekana nipeni ile. Kila nafasi ina mambo matatu yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Kuna kiti, yaani cha kushoto cha kapteni au cha kulia cha rubani msaidizi. Kuna aina ya ndege, labda Boeing 737, Airbus A320 au Boeing 787. Na kuna kituo, yaani uwanja ambao safari zako huanzia na kuishia. Huwezi kuchomoa ukuni mmoja ukaacha mingine. Ukitaka kiti hicho, unabeba na ndege yake na mji wake.

Je, nani anapata nini? Jibu ni namba. Siku unapoajiriwa unaandikwa kwenye orodha, nyuma ya wote waliokutangulia. Aliyeajiriwa wiki moja kabla yako atakuwa mbele yako hadi astaafu, hata kama wewe ni hodari kumshinda mara kumi. Unasonga tu pale waliotangulia wanapostaafu, wanapoacha kazi au wanapofariki. Namba hiyo hiyo ndiyo inayoamua mwezi ujao utafanya kazi siku gani, likizo utaenda lini, na kama Krismasi utakula na wanao au utakula peke yako hotelini. Ukihamia shirika jingine, namba unaiacha mlangoni. Kule unaanzia mkiani hata kama umeruka miaka ishirini.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa tamu. Ukikataa cheo, namba yako haiguswi. Ukikubali cheo, namba haiguswi vilevile, lakini watu unaopangwa nao kwenye foleni wanabadilika.

Chukua mfano. Shirika lina marubani 1,000 na wewe ni namba 600. Katika kituo kilicho karibu na kwenu kuna marubani wasaidizi 100 wa ndege ya 737, na kati yao wewe ni wa 10. Karibu kila unachoomba unapata: wikendi nyumbani, safari za asubuhi, siku ya harusi ya dada yako. Kisha nafasi ya kapteni inatokea New York, mji ghali ambao wenye namba nzuri huukwepa. Unaomba, unapata. Hongera! Ila kati ya makapteni 100 wa kituo kile, wewe sasa ni wa 100. Siku hiyo moja umepanda cheo na kushuka foleni.

Huyo wa 100 anaishi vipi? Mara nyingi anakuwa rubani wa akiba. Unamjua mchezaji wa akiba anayekaa benchi akingoja mwenzake aumie. Huyu naye hana safari zake. Anangoja simu kwamba fulani ameugua, au kwamba theluji imevuruga ratiba. Katika zamu nyingi za aina hiyo anatakiwa awe amefika uwanjani baada ya saa mbili hivi. Kama familia iko Florida na kituo ni New York, hawezi kungojea nyumbani. Basi anakodi kitanda katika nyumba ya marubani karibu na uwanja, chumba kimoja watu wanne, vitanda vya ghorofa kama bweni la shule ya upili. Kapteni mzima, mistari minne begani, analala juu ya mwenzake.

Ukicheka, cheka kidogo tu, kwa sababu jambo hili lina upande wa kusikitisha.

Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya abiria ya kampuni ya Colgan Air ilitoka Newark, karibu na New York, ikielekea Buffalo. Ilikuwa ya aina ya Q400, aina ile ile ambayo Jambojet huitumia hapa kwetu, na ndege yenyewe haikuwa na hitilafu. Ilianguka ikikaribia kutua. Watu wote 49 waliokuwemo walikufa, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake.

Kituo cha marubani wale wawili kilikuwa Newark. Kapteni aliishi Florida. Rubani msaidizi aliishi karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi, na usiku wa kuamkia siku ile alikuwa safarini akipitia Memphis ili awahi kazini. Nyumba Newark hawakuwa nayo, na chumba cha wafanyakazi pale uwanjani ndicho kilichokuwa mahali pa kujinyoosha. Wachunguzi walitaja chanzo cha ajali kuwa ni kapteni kuitikia vibaya onyo kwamba ndege inakaribia kupoteza uwezo wa kukaa hewani. Hawakusema kwamba uchovu ndio ulioiangusha. Lakini waliandika kwamba yaelekea uchovu ulikuwa umepunguza uwezo wa wote wawili.

Baada ya ajali hiyo Marekani ilibadilisha sheria. Rubani msaidizi wa shirika la abiria akatakiwa awe na saa 1,500 za kuruka, isipokuwa wachache waliopitia jeshini au vyuo fulani. Tangu Januari 2014 rubani hupewa saa 10 za mapumziko kabla ya zamu. Lakini safari ya kutoka kwako hadi kituoni imebaki kuwa shughuli yako mwenyewe. Sheria inakudai ufike ukiwa umepumzika, haikuulizi ulivyofika.

Msimamo wangu, basi, ni huu: rubani kijana anapojaza maombi, kituo kiwe cha kwanza, ndege iwe ya pili, na kiti kiwe cha mwisho. Najua mtaani mpango ni kinyume kabisa. Nipe nafasi nieleze.

Sheria ya Marekani hairuhusu rubani wa abiria kuruka zaidi ya saa 1,000 kwa mwaka. Mwaka una saa 8,760. Kwa hivyo hata ukiruka hadi mwisho wa kiwango, kile kiti unachokiota utakikalia saa 1,000. Saa zile nyingine 7,760 utaziishi mahali ambapo kituo chako kimekuweka. Huko ndiko utakakolala, utakakougua, utakakolea watoto na utakakozeeka. Kiti hakimpeleki mtoto kliniki.

Ndege ni ya pili kwa sababu ndiyo inayoamua utakuwa rubani wa namna gani. Wengi wanataka ile kubwa. Ni sawa, Dreamliner ni chuma cha kuvutia, na safari ya Nairobi hadi New York ambayo Kenya Airways ilianzisha Oktoba 2018 ni jambo la kujivunia. Lakini fikiria. Safari ile huchukua takriban saa 15, na marubani hupokezana kulala njiani. Anayetua ni mmoja. Mwenzako wa ndege ndogo anayekwenda Kisumu, akarudi, akaenda Malindi, akarudi, ametua mara nne kabla ya jua kuzama, na upepo wa kila uwanja ameuonja kwa mikono yake. Kanuni zinataka rubani awe amepaa na kutua angalau mara tatu katika siku 90, na wapo wa ndege kubwa ambao hulazimika kwenda kwenye simuleta, ile mashine inayoiga ndege, ili tu watimize idadi hiyo. Ukiwa na miaka 27, unahitaji mikono zaidi ya unavyohitaji picha ya Instagram.

Isitoshe, ndege huondoka. Kenya Airways ilikuwa na Boeing 777. Zile za 300 zikakodishwa kwa shirika la ndege la Uturuki mwaka wa 2016. British Airways ilistaafisha 747 zake zote mwaka wa 2020, corona ilipobana. Rubani aliyechagua kazi kwa sababu ya ndege moja anaweza kuamka akute ndege yenyewe haipo.

Hapa kwetu utaniambia: hayo ya vituo ni ya Marekani, sisi tukiajiriwa kituo ni Nairobi tu. Kweli kwa kiasi. Rubani wa Kenya Airways haombi kituo, maana kituo ni JKIA. Lakini hiyo ina maana kwamba Mkenya huchagua kituo mapema zaidi, siku anapochagua mwajiri. Ukichukua kazi ya kurusha Caravan kutoka Wilson hadi Maasai Mara, jioni mara nyingi uko kwako. Ukichukua mkataba wa kupeleka misaada Sudan Kusini au Somalia, hesabu wiki kadhaa kambini na wiki kadhaa nyumbani. Ukienda Emirates, kituo ni Dubai. Ukienda Qatar Airways, ni Doha. Hakuna fomu ya kuomba Mombasa.

Na pamoja na kituo huja sheria za mahali. Hapa nyumbani kuna KALPA, chama ambacho mgomo wake wa Novemba 2022 ulisimamisha safari nyingi za Kenya Airways. Uupende au uuchukie mgomo ule, ulionyesha kwamba marubani wana mahali pa kupeleka malalamiko. Umoja wa Falme za Kiarabu hauruhusu vyama vya wafanyakazi. Mshahara wa Dubai ukiutazama, utazame na hilo pembeni yake.

Angalia pia jinsi kiti kinavyodanganya. Kijana wa miaka 26 anaweza kuwa kapteni wa Caravan pale Wilson, akibeba watalii 12, akiamua mwenyewe kama mawingu ya Mara yanapitika au hayapitiki. Siku anapoajiriwa na shirika kubwa anarudi kiti cha kulia na kuvua mstari mmoja begani. Majirani watauliza amefanya kosa gani. Kosa hakuna. Amebadilisha cheo kwa namba, na kama amelichagua shirika lenye kituo anachoweza kuishi, amefanya biashara nzuri.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, maana wana hoja nzito.

Wa kwanza atasema: pesa. Ada ya urubani hapa Kenya ni mamilioni ya shilingi. Kuna shamba lililouzwa, kuna mkopo wa Sacco, kuna harambee iliyofanywa kanisani. Kapteni hulipwa zaidi sana ya msaidizi, na kila mwaka unaokataa ni pesa zinazokwenda. Kweli kabisa. Mwenye deni shingoni ana haki ya kubeba mzigo mzito kwa muda. Ninachomwomba ni aandike huo muda kwenye karatasi, miaka miwili au mitatu, na aandike pia gharama za kuishi mbali: kitanda cha pili, chakula cha hotelini, siku za mapumziko zinazoliwa na safari ya kwenda kazini. Nyongeza ya mshahara ikishakatwa hayo yote, mara nyingine kinachobaki ni kidogo kuliko ulivyotangaza kwenu.

Wa pili atasema: mlango ukifunguka ingia, kesho utafungwa. Huyu namheshimu zaidi, kwa sababu historia iko upande wake. Desemba 2007 Marekani ilipandisha umri wa kustaafu wa marubani kutoka miaka 60 hadi 65. Wakongwe waliokuwa wakifunga virago wakarudi kitini, na orodha ikaganda karibu miaka mitano. Aliyekuwa anangoja nafasi nzuri zaidi mwaka ujao alingoja sana. Kisha 2020 ikaja corona, na mashirika mengi yalipopunguza watu yalianzia mkiani mwa orodha.

Lakini tazama vizuri mifano hiyo miwili inafundisha nini. Orodha ikiganda, unaganda mahali ulipo. Kama ulipo ni kitanda cha ghorofa katika mji usio wako, ukiwa namba ya mwisho, utaganda hapo. Na punguzo la wafanyakazi hutazama namba yako, halitazami mistari ya begani. Ndiyo maana swali la kujiuliza kabla ya kubonyeza kitufe ni hili: orodha ikisimama kesho kwa miaka mitano, nitaweza kuishi na chaguo hili bila kuvunja nyumba wala kulala kazini? Ukijibu ndiyo, chukua ukapteni huo na usiogope mtu. Ukijibu hapana, subiri, kwa sababu namba yako inaendelea kusogea ukiwa umelala kwako.

Kuna neno pia kwa wazazi na kijiji kilichochanga. Mlimsomesha kijana, na mna haki ya kujivunia. Lakini kila mkikutana naye mnamwuliza atakuwa kapteni lini, ataingia Dubai lini, ataendesha ile kubwa lini. Hakuna anayemwuliza analala saa ngapi. Shinikizo hilo ndilo linalomfanya kijana achukue nafasi asiyoiweza, kisha aone haya kusema amechoka. Katika kazi nyingi, anayeficha uchovu anajiumiza mwenyewe. Katika kazi hii nyuma yake wameketi watu wengine, na pengine mmoja wao ni mama yako anayeenda Eldoret.

Nao waajiri wasijifiche nyuma ya neno hiari. Shirika linalompa rubani kituo asichoweza kulipia kodi limechangia uchovu wake, hata kama fomu aliijaza mwenyewe. Chumba safi cha kulala karibu na uwanja, ratiba inayotoka mapema, na ruhusa ya kusema "leo siko sawa" bila kuandikiwa barua ya kujieleza ni vitu vya bei nafuu ukilinganisha na ndege moja.

Kwa hivyo kijana mwenzangu, utakapopata leseni yako, na Mungu akijalia ukapewa fomu yenye nafasi tatu za kuchagua, usianze kusoma safu ya mshahara. Chukua ramani. Weka alama kwenu, weka alama kituo, kisha hesabu saa za kutoka hapa hadi pale, saa tisa za usiku, mvua ikinyesha. Halafu soma ndege gani, na itakufunza nini. Mwisho tazama kiti. Na mjomba akikupigia kuuliza mbona wenzako wamekuwa makapteni na wewe bado, mwambie mstari wa nne utakuja, na kwa sasa unafika kazini ukiwa umelala saa nane.